Kabla ya Kujenga Tovuti ya Huduma za Serikali, Lifuate Jalada

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mchambuzi wa mifumo katika timu iliyopewa kazi ya kuhamishia mtandaoni huduma za taasisi moja ya umma hapa Tanzania, ambayo sitaitaja kwa kuwa watu wake walinitendea wema na makosa mengi nitakayoyaeleza yalikuwa yetu. Tulipewa miezi sita. Mitano kati ya hiyo tuliitumia kwa yale ambayo mwananchi angeyaona: ukurasa wa kujisajili, fomu, sehemu ya kupakia viambatisho, na mjadala mrefu kuliko yote, uliohusu mahali pa kuweka Nembo ya Taifa. Siku ya uzinduzi kila kitufe kilifanya kazi. Wiki ya tatu nikatumwa masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, kuuliza kwa nini maombi yanaingia lakini hayatoki, na huko nikamkuta karani ameketi kando ya printa, anachapa kila ombi lililoletwa na mfumo, analigonga mhuri wa kupokelea, analitoboa, analiandikia namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, na kulifunga ndani ya jalada, kisha jalada linabebwa na mhudumu kwenda ghorofa ya pili kama lilivyokuwa likibebwa tangu yeye aajiriwe.

Nilidhani amepuuza mafunzo tuliyompa. Nilipomuuliza, alinitazama kwa upole na kuniuliza swali lake: "Sasa bosi dokezo ataliandika wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria dokezo.

Kwa asiyewahi kufanya kazi serikalini, dokezo ni maandishi mafupi ambayo ofisa mmoja humwandikia mwenzake ndani ya jalada: naomba maelekezo, nakubaliana na folio ya 4, endelea, mwombaji aitwe alete cheti halisi. Uamuzi hufanyika hapo. Fomu aliyoijaza mwananchi ni malighafi tu, ilhali hoja, mashaka na ridhaa za ofisi vimo ndani ya madokezo, na mkaguzi akija baada ya miaka mitatu kuuliza kwa nini fulani alipewa kibali na fulani akanyimwa, ofisa hana kingine cha kujitetea nacho. Sisi tulikuwa tumempa mkuu wa kitengo vitufe viwili, Kubali na Kataa, tukashangaa kwamba hataki kuvibonyeza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayepewa kazi ya namna hii, iwe ni kwa taasisi moja au kwa tovuti ya taifa zima, ni kwamba kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, aombe ruhusa ya kukaa masjala na kulifuata ombi moja tangu linapopokelewa hadi linapotoka. Alifuate kwa miguu yake. Aandike limelala juu ya meza ya nani na kwa muda gani, nani alilifungua, alitazama nini ndani yake, na alimpigia simu nani kabla ya kuweka sahihi. Mimi nilifanya hivyo kwa siku tatu, nikiwa nimechelewa, na nilijifunza mengi kuliko katika vikao vyote vya kukusanya mahitaji, kwa sababu katika vikao wakuu wa idara hueleza utaratibu ulivyoandikwa, si ulivyo.

Jambo moja nililoliona katika siku hizo tatu lilikuwa jepesi kulirekebisha, lakini lingetuua. Tulikuwa tumefunga mamlaka ya kuidhinisha kwenye jina la mtu badala ya cheo chake. Mkuu wa kitengo alipokwenda likizo, aliyekaimu nafasi yake aliweza kusaini majalada ya karatasi bila shida, lakini ndani ya mfumo hakuonekana kabisa, na maombi yakasimama hadi mwenye jina arudi. Ofisi za umma huendeshwa kwa kukaimishana: kuna safari za kikazi, mafunzo, uhamisho, mtu kuteuliwa kwingine usiku mmoja. Mfumo usioelewa maana ya "Kny" (kwa niaba ya) juu ya sahihi utakwama mwezi wa kwanza.

Katika kulifuata jalada utakutana pia na hatua ambazo hakuna anayejua zilianzaje. Tulikuta sahihi ya pili ambayo aliyeiweka alikiri kwamba huwa hasomi, kwa vile mwenzake wa kwanza ameshasoma. Usizifute kwa kiburi, wala usizihamishie mtandaoni kwa woga. Omba uonyeshwe kanuni au waraka unaozidai. Nyingi zitakosa waraka, na jibu litakuwa "ndivyo tulivyokuta." Tulipoambiwa kwamba bila mhuri wa wino hati haitakuwa halali, mwanasheria wa taasisi alitukumbusha kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishatambua saini za kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaja kuzipa taasisi za umma wajibu wa kutumia TEHAMA katika kutoa huduma. Mhuri ulikuwa mazoea. Ilituchukua vikao vinne kuyaondoa, na hata hivyo tuliishia kuweka picha ya mhuri kwenye cheti cha kielektroniki, karibu na msimbo wa kuhakikia, ili wanaokipokea huko nje wasikikatae. Sioni aibu kusema nilikubali.

Baada ya jalada, kilichotutesa zaidi ni majina. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba, kwa hiyo tuliamini kwamba mwananchi akishaingiza namba hiyo mengine yote yatajileta yenyewe. Yalijileta, lakini hayakufanana. Mtu mmoja ni Zainabu kwenye kitambulisho, Zainab kwenye cheti cha kidato cha nne na Zaynab kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwingine ana majina matatu huku na mawili kule. Mwingine jina la babu limekuwa la baba. Mfumo wetu ulilinganisha herufi kwa herufi, na kwa kila tofauti ulitoa sentensi moja tu, "Taarifa hazilingani," ukamwacha mtu hapo hapo. Wapo waliokwenda kwa wakili kuandikiwa hati ya kiapo kwa tatizo la herufi moja, wakati karani wa kaunta angelimaliza kwa kumtazama mtu usoni na kuvitazama vyeti vyake.

Ninachoshauri hapa ni kwamba ulinganishaji usiwe hakimu wa mwisho. Tofauti ndogo za tahajia ziende kwa ofisa azione, na mwananchi aambiwe tatizo liko kwenye jina au kwenye tarehe, bila kuonyeshwa kumbukumbu yenyewe, maana anayejaza fomu huenda si mwenye namba. Na usiinakili hifadhidata ya taasisi nyingine ukaiweka kwako kwa hoja kwamba itakuwa haraka. Estonia, ambayo kila mtu huitolea mfano, haikujenga ghala moja kubwa la taarifa za raia. Tangu mwaka 2001 ina mfumo wa X-Road, ambao huiacha kila daftari kwa mwenye nalo na kuruhusu taasisi kuulizana kwa kumbukumbu zinazoonekana. Nasi hapa tuna mfumo wa kubadilishana taarifa unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na tangu kuwapo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nakala uliyojiwekea pembeni ni mzigo wa kisheria pia, mbali na kwamba itachakaa kila siku inayopita.

Malipo nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa sehemu ngumu ilishafanywa na wengine. Mfumo wa GePG, wa kukusanya malipo ya Serikali kielektroniki, ulioanza mwaka 2017, humpa mlipaji kumbukumbu namba yenye tarakimu 12, naye hulipa kwa simu, benki au kwa wakala, na ofisa hagusi fedha. Kosa letu lilikuwa la mpangilio. Tulitoa kumbukumbu namba mara tu fomu ilipowasilishwa, kabla ya mtu yeyote kuvikagua viambatisho, na walioambatisha picha isiyosomeka walikuwa wameshalipa ombi lao lilipokataliwa. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya Serikali, kuitoa ili umrudishie mtu ni safari nyingine yenye jalada lake. Tuligeuza utaratibu: uhakiki kwanza, malipo baadaye. Malalamiko ya kurudishiwa fedha yalipungua sana, na mhasibu akaanza kunisalimia tena.

Sasa nije kwenye maneno, ambayo watu wa fani yangu huyaachia dakika za mwisho. Siku moja nilikuwa kaunta wakati mama mmoja wa makamo alipoingia na simu yake mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha skrini. Kwenye hali ya ombi palikuwa na neno moja, ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyelitafsiri na kujipongeza: Inashughulikiwa.

"Mwanangu, imeandikwa hivi tangu mwezi uliopita," alisema. "Sasa nauliza, inashughulikiwa na nani?"

Nilifungua ombi lake. Halikuwa likishughulikiwa na yeyote. Lilikuwa limerudishwa kwake ili apakie upya cheti, lakini hali hiyo kwenye mfumo wetu ilikuwa imewekwa kundi moja na maombi yaliyoko mezani kwa ofisa, na ujumbe wa kumjulisha ulikuwa umetumwa kwa barua pepe ambayo hakuwahi kuifungua na wala hakujua kwamba anayo. Kwa mwezi mzima yeye alikuwa akitungoja sisi, nasi tukimngoja yeye.

Tangu siku hiyo huwa naandika maneno ya hali ya ombi kabla ya kuchora ukurasa wowote, na kila neno lazima lijibu maswali mawili: ombi liko mikononi mwa nani, na nani anapaswa kufanya nini sasa. "Linasubiri wewe upakie cheti cha kuzaliwa." "Liko kwa ofisa mhakiki tangu tarehe 4." Ofisa mmoja alilalamika kwamba tarehe hiyo inamwanika. Ni kweli inamwanika. Ujumbe nao upelekwe kwa SMS, kwa sababu barua pepe kwa Watanzania wengi ni kitu kilichotengenezwa siku ya kusajili laini au kuomba ajira na kusahaulika siku hiyo hiyo.

Kuhusu uzinduzi nina machache. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, ilifunguliwa kwa majimbo 36 kwa mpigo tarehe 1 Oktoba 2013, na waliofanikiwa kujiandikisha siku hiyo ya kwanza walikuwa watu 6. Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma za serikali, mwezi Juni 2023, na mwishoni mwa Julai ikashambuliwa na wadukuzi kiasi kwamba wageni waliozoea kuomba viza mtandaoni ilibidi wapewe viza wanapowasili. Mlango huo wa pili ndio ulioiokoa safari ya mgeni. Anza na huduma moja, katika ofisi moja, na usiifunge kaunta kwa sababu tu waziri ameshakata utepe. Na fomu za karatasi zibaki kwenye droo, zikiwa na utaratibu ulioandikwa wa kuziingiza kwenye mfumo ukirudi.

Nimeacha hadi hapa watu ambao michoro yetu haikuwa nao kabisa. Mita chache kutoka geti la taasisi ile palikuwa na steshenari, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kudurufu na kijana mmoja mchangamfu, na asilimia kubwa ya maombi tuliyoyaita ya mtandaoni yalikuwa yakijazwa na yeye. Watu walikuja na vyeti vyao kwenye bahasha, wakamlipa, akawajazia. Mfumo ulikuwa unakataa namba moja ya simu kutumika kwenye akaunti zaidi ya moja, sheria tuliyoiweka kwa ajili ya usalama, kwa hiyo alikuwa amejinunulia laini kadhaa, na nywila za wateja wake alizihifadhi kwenye daftari la mistari lenye jalada la bluu, jina, namba ya simu, nywila, ukurasa baada ya ukurasa. Alinionyesha kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kazi safi. Nusu ya usalama wa mfumo wetu ilikuwa mle.

Rwanda, katika Irembo, mfumo wao wa huduma za serikali mtandaoni, waliwatambua mawakala wa namna hii na kuwaweka ndani ya utaratibu, na baada ya lile daftari nami nilipigania jambo hilo hilo. Tulimpa akaunti ya wakala, yenye jina lake, inayomruhusu kujaza ombi kwa niaba ya mtu lakini si kuliwasilisha mpaka mwenye ombi athibitishe kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake mwenyewe. Na kwa wasio na simu janja, uthibitisho huo ulifanyika kwa menyu ya kubonyeza nyota na reli, ambayo haihitaji intaneti. Kila ombi sasa linaonyesha nani alilijaza na nani alilithibitisha.

Nilipopita pale mara ya mwisho alikuwa anaitumia akaunti hiyo vizuri, na laini zile za ziada alishazigawa kwa ndugu. Daftari la bluu bado lilikuwa juu ya meza. Aliniambia wateja wanasahau nywila zao na wakirudi humuuliza yeye, kwa hiyo hawezi kulitupa, na kwa kweli mfumo wetu wa kumsaidia mtu aliyesahau nywila ulikuwa bado unatuma kiungo kwa barua pepe.