Jibu: Kwa nini bado twahitaji visa vya wasafiri?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mtu akae kusikiliza visa vya msafiri ilhali picha za kila mji zimo kwenye simu. Naona picha hukuonyesha mahali, lakini haikwambii wenyeji huona lipi ni heshima na lipi ni aibu.

Mchukue Ibn Battuta, yule msafiri wa kale kutoka Moroko. Alifika hapa Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, akisimulia safari zake kwao Moroko ili ziandikwe, alikumbuka nini? Chakula chetu, ndizi na samaki. Misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Na visima vya mlangoni, ambapo mtu huosha miguu kabla hajaingia. Jambo dogo kama hilo mwenyeji asingelitaja, maana kwake ni mazoea. Mgeni ndiye aliyetuhifadhia.

Kwa hiyo nazipenda mno baraza za Mji wa Kale jioni. Muuza kahawa apita na dele lake, vikombe vyagongana mkononi, na mzee aliyefanya kazi melini aeleza nchi ambako jirani hapigi hodi bila miadi. Mara maswali yamwagika: sasa wakifiwa, nani huwapikia? Mgonjwa hukaguliwa na nani? Hapo watu huanza kuyatazama hata ya kwao upya.

Ukisafiri, waulize wenyeji kuhusu harusi na matanga yao kwanza. Ufuo utauona tu.