"Ulipaswa kuniambia" au "ungeniambia"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Niliwapa wanafunzi wangu sentensi "You should have told me" waieleze kwa Kiswahili, nikapata majibu manne: "ulipaswa kuniambia", "ungepaswa kuniambia", "ilikubidi uniambie" na "ungeniambia". Nilisita kusahihisha, kwa kuwa yote yalinisikika kuwa Kiswahili. Lipi ni sahihi? Je, si lazima hapo kutumia -ngali-, maana jambo limekwisha kupita?

Jibu: Tuanze na sentensi yenyewe ya Kiingereza, kwa sababu ugumu unatokea huko. Sentensi hiyo inabeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulikuwapo wajibu wa kuniambia, na kwamba hukuniambia. Neno "should" kwa asili ni umbo la wakati uliopita la "shall", lakini limezoeleka mno kueleza wajibu wa sasa, hata likakosa namna yake lenyewe ya kurudi nyuma; ndiyo sababu Kiingereza huleta "have" na umbo la tatu la kitenzi ili kuusogeza wajibu huo hadi jana. Kiswahili hakina haja ya njia hiyo ndefu. Pasa, takiwa na bidi ni vitenzi kamili vinavyopokea -li- kama kitenzi kingine chochote, kwa hiyo tunasema "ulipaswa", "ulitakiwa" au, kwa mtindo wa zamani kidogo ambao mimi naupenda, "ilikupasa uniambie". Jibu la kwanza, basi, ndilo lililo karibu zaidi na sentensi uliyotoa, nalo linastahili alama kamili.

Hata hivyo, "ulipaswa kuniambia" halisemi lenyewe kwamba hukuniambia. Mtu anaweza kusema, bila kujipinga, "Ulipaswa kuniambia, nawe uliniambia kwa wakati." Katika mazungumzo ya lawama msikilizaji huelewa mara moja, lakini katika maandishi yanayohitaji uwazi, kama vile kumbukumbu za kikao au barua ya onyo, ni vyema kuongeza "lakini hukuniambia".

Jibu la tatu ndilo la hatari, nami ningeomba ulikalie zaidi darasani. Wengi huchukulia kwamba bidi na pasa ni neno moja lenye sura mbili. Zikiwa na -li-, haziko hivyo. Nikisema "ilinibidi niondoke", umeshajua kwamba niliondoka. Nikisema "nilipaswa kuondoka", bado unangoja kusikia kama niliondoka. Niliwahi kuhariri tafsiri ya taarifa iliyomlaumu mwalimu mmoja kwa kutowajulisha wazazi kuhusu ugonjwa wa mtoto wao. Mfasiri alikuwa ameandika "ilimbidi mwalimu awajulishe wazazi", na kwa neno hilo moja lawama ikageuka kuwa ushahidi wa kumtetea, kwa kuwa msomaji yeyote wa Kiswahili angeelewa kwamba mwalimu alilazimika kuwajulisha na akawajulisha. Weza nacho kina tabia hiyohiyo: "uliweza kuniambia" maana yake ulifaulu kuniambia, kwa hiyo anayetaka kusema kwamba nafasi ilikuwapo lakini haikutumiwa hana budi kusema "ungeweza kuniambia".

Huenda ni hilo "ungeweza" lililomvuta mwanafunzi wako hadi kwenye "ungepaswa". Alihisi, na hisia yake ina msingi, kwamba jambo lisilotokea hudai -nge-. Lakini kilichokosekana hapa ni kuambiwa, wajibu ulikuwapo. "Ungepaswa kuniambia" huufanya wajibu wenyewe uwe wa kudhania tu, kama katika "Ungekuwa katibu wa kamati, ungepaswa kuniambia." Si katibu, basi hana wajibu huo.

Sasa "ungeniambia". Tafadhali usilifute. Mama anayempokea mtoto aliyelowa chapachapa kwa mvua hasemi "ulipaswa kuniambia kwamba huna mwavuli", husema "Si ungeniambia!" Hiyo "si" ya mwanzo haikanushi kitu, inasisitiza, na kwa maneno mawili tu wajibu, kasoro na uchungu wa msemaji vyote vimefika. Kwa maoni yangu, hii ndiyo tafsiri yenye uhai kuliko zote, mradi mazingira ni ya mazungumzo. Pasipo mazingira hayo "ungeniambia" yaweza kuwa ombi la upole, kama tunavyomwambia mgeni "ungekaa kidogo".

Kuhusu -ngali-, kanuni ya vitabu vya sarufi ni kwamba -nge- huacha mlango wazi na -ngali- huufunga: "Ungeniambia, ningekusaidia" bado ina tumaini, ilhali "Ungaliniambia jana, nisingalisafiri" haina tena. Watu wengi leo, wakiwamo waandishi wazuri, hutumia -nge- pande zote mbili, wala siwezi kuwaita wakosaji. Ninachokataa ni kuzichanganya katika sentensi moja, kama "ungalikuja mapema, ungemkuta". Lakini -ngali- haielezi wajibu, kwa hiyo swali lako halikuihitaji, na "ungalipaswa" lingerudia kosa lilelile la "ungepaswa".

Utakapowapa zoezi lijalo, jaribu "The bus should have arrived by now". Hapa hakuna wajibu wala lawama, kuna matarajio tu, na Kiswahili huyaeleza kwa kitenzi "kuwa" pamoja na -me-: "Saa hizi basi lilitakiwa liwe limeshafika." Atakayeandika "litakuwa limeshafika" ameandika Kiswahili safi, lakini amejibu sentensi nyingine, ile ya mtu anayekisia kwamba basi limefika kweli.