Daktari mwenye ugonjwa uleule anafaa?

Dada, pole sana wewe na binti yako. Umeuliza kama daktari ambaye mwenyewe ana Ehlers-Danlos (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia viungo, ngozi na mishipa) anaweza kumtibu vizuri, au maumivu yake yatampotosha. Mimi naona anafaa, tena sana. Marekani yupo Dk. Linda Bluestein, aliyesomea nusukaputi. Ana aina ile ya viungo kulegea kupita kiasi na anatibu wenye tatizo hilohilo. Kwa daktari kama huyo, binti akisema bega lilichomoka akivuta shuka, haambiwi anajitungia.

Ila huruma haitoshi, angalia anavyopima. Aina hiyo bado haina kipimo cha damu wala cha jeni, kwa hiyo kazi ni ya macho na mikono: kidole gumba kikikunjwa kinagusa kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja? Kidole kidogo kinarudi nyuma kiasi gani? Viwiko na magoti je? Akiinama bila kukunja magoti, viganja vinalala sakafuni? Ukihesabu kila upande wa mwili, jumla ni alama 9. Kwa mtu mzima asiyezidi miaka 50, alama 5 au zaidi zinaonyesha ulegevu, lakini si ugonjwa moja kwa moja. Vigezo vya kimataifa vya 2017 vya kutambua aina hiyo vinataka dalili nyingine pia, na magonjwa yanayofanana yaondolewe kwanza.

Tafadhali, kama kuna ndugu aliyewahi kupasuka mshipa mkubwa wa damu ghafla, mwambieni daktari siku ya kwanza kabisa. Aina inayoshambulia mishipa ni ya hatari, na hiyo ina kipimo cha jeni.