Kamshafti za 4A kwenye hedi ya 5A

Ndugu, umesema silinda hedi ya injini yako ya Toyota 4A-FE ilipasuka, ukanunua Nakuru hedi ya 5A-FE iliyokuja na kepu zake (vifuniko vinavyoshikilia kamshafti) lakini bila kamshafti zenyewe, yaani shafti zinazofungua vali, na sasa fundi wako hapo Kibuye anataka kufunga kamshafti zako za zamani.

Kabla ya yote, mrudie aliyekuuzia umuulize kamshafti za hedi hiyo ziko wapi. Mara nyingi bado ziko rafuni kwake, na hizo ndizo bora.

Sababu ni hii: injini hizi hazina beringi za kamshafti. Chuma kinazunguka moja kwa moja kwenye alumini, na matundu yalichongwa kepu zikiwa zimefungwa kwenye hedi ileile. Kwa hiyo kepu za hedi yako ya zamani usiziguse kabisa, hata zikionekana pacha. Zilizokuja na hedi ya 5A zirudi kwa namba zake, mishale ikielekea mbele.

Ukikosa kamshafti zake, linganisha kwanza urefu wa nundu za kamshafti zinazosukuma vali, kisha pima nafasi ya oili, yaani uwazi kati ya kamshafti na tundu lake, kwenye kila kepu. Ikizidi milimita 0.10, acha, oili itavuja hapo na presha itashuka. Ikikubali, pima upya nafasi za vali zote 16 injini ikiwa baridi na ubadilishe shimu, yaani visahani vya kurekebisha nafasi hizo. Fundi akikwambia hilo halina haja, tafuta mwingine.

Na uso wa hedi upimwe kwa rula iliyonyooka kabla hujanunua gasketi.