Re: Pampu rahisi ya kujazia kaiti, naishi Dodoma

Habari mkuu. Nimekuelewa: unatoka Dodoma kwenda ufuo wa Paje, Zanzibar, na kaiti (tiara la kujazwa hewa linalokuvuta juu ya maji) ya mita za mraba 12, pampu ya mkono inakumaliza kabla hujaingia majini, sasa unauliza kama pampu ya umeme ya matairi itafaa.

Usiinunue. Ile imetengenezwa kusukuma psi 30 na zaidi kwenye tairi dogo. Kaiti ni kinyume chake: hewa nyingi, presha ndogo. Utasubiri mpaka pampu ichemke.

Kabla ya kutoa hela, kagua uliyonayo. Ziba mdomo wa bomba la pampu kwa kiganja kisha kandamiza mpini. Ukishuka kirahisi, hewa inavuja. Mara nyingi ni kile kiringi cha mpira ndani, kimekauka au kimeshika vumbi, na huku kwetu vumbi halikosekani. Kifute, kipake grisi ya silikoni, jaribu tena. Wengi wanaishia hapo.

Bado unataka ya umeme? Chukua zile za kujazia mbao za SUP (za hewa, unasimama juu yake na kupiga kasia), zenye betri ndani. Zinaanza kwa hewa nyingi, kisha zinapandisha presha. Hakikisha inakuja na kichwa kinachoingia kwenye vali yako, na useti presha iliyoandikwa kwenye kaiti, kwa kawaida psi 6 hadi 10. Ikibaki kwenye psi 15 ya mbao, mrija wa hewa wa mbele ya kaiti unaweza kupasuka.

Ya mkono beba pia, betri huisha. Kaiti yako ni ya kampuni gani? Vali zinatofautiana.