Kabla ya kuchezesha mechi za watoto, kaa na Sheria ya 11

Jumamosi moja asubuhi huko Ujiji, kwenye kiwanja cha mchanga kilichozungukwa na miembe, nilikataa goli halali la mtoto wa miaka kama 12. Mwenzake alirusha mpira kutoka pembeni, yeye akaupokea akiwa nyuma ya mabeki wote, akafunga. Nikapuliza filimbi: kuotea. Watu wazima waliokuwa wakitazama waliridhika, hata kocha wake hakubisha. Ni yeye mwenyewe aliyenifuata. "Mwalimu, kwani mpira wa kurusha una kuotea?" Nikamwambia arudi kwenye namba yake. Timu yake ilifungwa 1-0.

Usiku nikafungua Sheria ya 11 ya soka, ile ya kuotea (offside), kwenye simu. Imeandikwa wazi: hakuna kosa la kuotea mchezaji akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, kona au mpira wa kurusha. Mimi nimecheza chandimu tangu utotoni, na Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakicheza pale uwanja wa Lake Tanganyika sikosi. Nilidhani hiyo inatosha.

Kwa hiyo wewe uliyeombwa kujitolea kuchezesha watoto, iwe Gungu, Kibirizi au Mwandiga, nakusihi usome kwanza. Sheria zote ni 17, na nyingine fupi kabisa, unazimaliza ukisubiri chai ichemke. Ya 11 na ya 12, ile ya rafu na makosa mengine, ndizo za kukaa nazo wiki nzima. Kuotea nilikuelewa siku nilipopanga vizibo vya soda chini, vyekundu mabeki, vyeupe washambuliaji, punje ya hindi ndiyo mpira. Nikawa nasogeza kizibo kimoja kimoja na kujiuliza: yuko nusu ya wapinzani? Yuko karibu na mstari wa goli kuliko mpira, na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho? Akilingana naye, hajaotea. Mkono hauhesabiwi. Na hata akiwa amezidi, kusimama tu pale si kosa mpaka aingilie mchezo. Hilo la mwisho ndilo linalowakwaza wengi, maana tumezoea kupuliza mara tu tunapomwona mtu yuko mbele.

Angalia pia toleo unalosoma, kwa sababu sheria hubadilishwa. Tangu 2016 mpira wa kuanza unaweza kupigwa hata kurudi nyuma. Tangu 2019 goli kiki haihitaji kutoka nje ya boksi. Ikipigwa tu na kusogea waziwazi, mchezo umeendelea. Wazee waliocheza enzi zao watakukatalia kwa nia njema kabisa. Wasikilize kwa heshima, lakini amua kwa kilichoandikwa.

Ishara nazo zinahitaji mazoezi. Kipa akidaka mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu makusudi, ni adhabu isiyo ya moja kwa moja. Unainua mkono juu na kuubakiza hukohuko hadi mpira upigwe, kisha umguse mchezaji mwingine au utoke. Mara ya kwanza niliushusha mapema, watoto wakadhani unaweza kufungwa moja kwa moja. Siku hizi nawaita wote katikati kabla ya mechi, dakika mbili tu, nawaonyesha mkono ulioinuliwa na kuwaeleza maana yake. Wanashika haraka kuliko sisi.

Filimbi usiiweke mdomoni muda wote. Ikiwa mkononi unapata sekunde moja ya kuona kama aliyechezewa rafu bado anakwenda na mpira, na hapo unaweza kumwacha aendelee.

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta yule mtoto kabla ya mechi. Nikamwambia mbele ya wenzake na kocha wake kwamba lile lilikuwa goli, kosa lilikuwa langu, na kwamba swali lake lilikuwa sahihi. Aliinamisha kichwa, akasema "Sawa, mwalimu," akaenda kufunga kamba za viatu. Kipindi cha pili wapinzani wakarusha mpira, beki wa timu yake akainua mkono kudai kuotea. Nikamsikia yule mtoto akimpigia kelele: "Shusha mkono, kaba! Kwenye kurusha hakuna!"