Jibu: Ombi la mfereji wa mtaa halionekani kwenye bajeti ya Jiji la Mbeya

Ndugu, umeuliza kwa nini mfereji mliouomba haumo kwenye bajeti, na diwani anasema Bunge linaendelea kujadili. Ukisubiri Bunge, umechelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini Baraza la Madiwani hupitisha rasimu ya bajeti kwa kawaida Januari au Februari. Baada ya hapo inakwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), kisha Bungeni. Kazi yenu ni kabla ya Desemba: mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo wataalamu wa jiji wanapochambua.

Maombi mengi hufia kwenye muhtasari wa mkutano. "Tunaomba mfereji" haikadiriki gharama. Andikeni mfereji unapoanzia na unapoishia, urefu kwa mita, nyumba zinazofurika, na mchango wenu: mawe, mchanga, nguvukazi. Ambatanisheni mahudhurio yenye sahihi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa kata. Bila nakala hiyo hamna pa kushikia, na hilo linaniuma sana.

Wekeni vipaumbele viwili tu, maana ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, hukata orodha ndefu. Na kikao cha Baraza kiko wazi kwa wananchi, nendeni mkasikilize.